Ushuhuda Usio na "Nilikuwa": Binyavanga Wainaina, Nakuru na Historia ya Kuungama Mbele ya Kanisa

Lanet inatajwa vitabuni kwa sababu mbili. Wanaakiolojia wanaijua kwa mashimo ya ng'ombe yanayohusishwa na Wasirikwa, na kwa vyungu ambavyo Merrick Posnansky alivichimbua hapo mwaka 1957 na ambavyo vimepewa jina la mahali penyewe. Wanahistoria wa siasa wanaijua kwa kambi yake ya jeshi, ambako tarehe 24 Januari 1964, wiki sita tu baada ya uhuru, askari wa kikosi cha 11 cha Kenya Rifles waliasi dhidi ya maofisa wao. Jambo la tatu halijaandikiwa kitabu, ijapokuwa kila mkazi analijua: Jumapili asubuhi mtu hawezi kutoka stesheni ya reli akafika barabara kuu ya Nairobi bila kusikia ushuhuda. Unatoka katika makanisa ya mawe, ya mabati na ya mahema, mwingine ukipitia vipaza sauti vilivyoelekezwa njiani. Mtu anasimama, anasema "Bwana asifiwe", anaitikiwa, anataja jina lake, anasema ameokoka, kisha anaanza kusimulia alivyokuwa zamani.

Ushuhuda ni utanzu wa fasihi simulizi, tena mojawapo ya tanzu chache ambazo bado zinatungwa na kutendwa kila juma na watu wa kila tabaka. Wahakiki wetu wameupuuza, labda kwa sababu wengi wetu tumeusikia tangu utotoni hata ukawa kama mvumo wa barabarani. Katika makala haya tunautumia kama ufunguo wa kusomea matini moja ya mwana wa Nakuru, Binyavanga Wainaina, iliyotolewa Januari 2014 kwa anwani "I Am a Homosexual, Mum". Dai letu ni kwamba matini hiyo ni ushuhuda kwa umbo lake, kwamba imeacha kipengele kimoja tu cha kisarufi ambacho utanzu huo huutegemea, na kwamba ugumu wa jumuiya za waumini katika eneo hili kuwapokea watu wanaopenda jinsia yao unaonekana wazi zaidi hapo kuliko katika matamko ya maaskofu.

Wazo lenyewe si langu peke yangu. Tulipokuwa tukiisoma matini hiyo katika semina ya uzamili, mwanafunzi mmoja aliyelelewa Lanet alisikiliza mjadala kwa muda mrefu, kisha akauliza: "Mwalimu, alipomaliza, nani aliimba?" Wenzake walicheka. Swali hilo, hata hivyo, ni la mtu anayeujua utanzu vizuri.

Uamsho na utanzu wake

Mwaka 1929 Simeoni Nsibambi, Mganda wa Kampala, alikutana na Joe Church, daktari Mwingereza aliyekuwa akihudumu katika hospitali ya misheni ya Gahini, Rwanda. Walisoma Biblia na kuomba pamoja. Katika miaka iliyofuata vuguvugu lililoanzia Gahini lilifika Kigezi, na mwaka 1937 likaingia Kenya. Halikuwa kanisa jipya. Lilikuwa jumuiya ya waliookoka ndani ya makanisa yaliyokuwapo, hasa Anglikana, Presbiteri na Methodisti. Waganda waliwaita Balokole, nasi tukapata neno mlokole. Mkutano wa Kabete wa 1949 ulikusanya maelfu ya watu, na kufikia wakati wa Hali ya Hatari, 1952 hadi 1960, walokole walikuwa sauti inayojulikana katika nyanda za juu, wengine wakiuawa kwa kukataa kiapo.

Kiini cha vuguvugu hilo kilikuwa kuungama hadharani. Mwenye dhambi alisimama mbele ya wenzake na kuitaja kwa jina lake. Jambo hili liliwachukiza wengi. Wazee wa kanisa na wazee wa mila waliona ni fedheha mambo ya nyumbani, hata ya kitandani, kutajwa mbele ya wakwe na vijana. Wamishonari wengine nao waliona ni ukosefu wa adabu. Mwaka 1941 wanafunzi 26 wa chuo cha theolojia cha Mukono, William Nagenda akiwa miongoni mwao, walifukuzwa kwa sababu zilizohusiana na bidii yao ya kilokole. Ni vyema tulikumbuke hili: utanzu ambao leo ni nguzo ya heshima ya kanisa ulianza kama uvunjaji wa heshima, na waliouanzisha walifukuzwa kwa kusema yasiyosemwa.

Muundo wa ushuhuda ni wa sehemu tatu, na kila sehemu ina kiambishi chake cha njeo. Ya kwanza ni ya -li-: nilikuwa mlevi, nilikuwa mwizi, niliishi na chuki. Ya pili ni ya -ka-, ya tukio: siku moja Bwana akanikuta, nikapiga magoti, nikalia. Ya tatu ni ya -me-, njeo ya tendo lililokwisha ambalo matokeo yake yangalipo: nimeokoka, nimesamehewa. Kisha hutokea jambo ambalo mtafiti anayenakili maneno peke yake hulikosa. Hadhira huimba. Kwa walokole wimbo huo ulikuwa Tukutendereza, kwa Kiganda, hata katika vijiji vya Kenya ambako hakuna aliyejua Kiganda. Watu walimkumbatia msemaji wakiimba. Wimbo ndio muhuri: kabla haujaimbwa, kilichosemwa ni taarifa tu za aibu ya mtu.

Tangu miaka ya 1970 makanisa ya Kipentekoste yameurithi utanzu huu na kuupanua. Siku hizi mtu hushuhudia kuhusu ugonjwa, karo, kiwanja, hata viza. Umbo lakini ni lile lile.

Riwaya ya Kenya iliutambua mapema uzito wa kiitikio. Katika A Grain of Wheat ya Ngũgĩ wa Thiong'o, iliyotoka mwaka 1967, Mugo anasimama mbele ya umati siku ya sherehe za uhuru na kukiri kwamba ndiye aliyemsaliti Kihika. Riwaya hiyo inawajua walokole, maana mchungaji Jackson Kigondu ni mmoja wao, na ungamo la Mugo limejengwa kwa mfano wao. Tofauti ni kwamba hakuna anayeimba. Umati unanyamaza, unatawanyika, na Mugo anachukuliwa kwenda kuhukumiwa. Wahakiki wengi wamelisoma tukio hilo kama toba ya kisiasa. Sisi tunaliona pia kama ushuhuda ulionyimwa kiitikio, na kama onyo la mapema kwa mwandishi yeyote wa Kenya ambaye angejaribu kuungama peke yake.

Maneno ya kujitajia

Anayeshuhudia huhitaji neno la kujitajia, na hapa Kiswahili cha kanisa kina historia yake. Biblia ya Muungano iliyotoka mwaka 1952, ambayo ilipatanisha tafsiri za Kimvita na Kiunguja, ndiyo iliyowapa Wakristo wengi wa Afrika Mashariki msamiati wao. Katika waraka wa kwanza kwa Wakorintho, sura ya 6 aya ya 9, pana maneno mawili ya Kiyunani, malakoi na arsenokoitai, ambayo maana yake inabishaniwa na wanazuoni mpaka leo. Watafsiri waliyapa Kiswahili cha wafiraji na walawiti. La kwanza ni neno la mtaani ambalo mzazi hulisoma haraka mbele ya watoto. La pili limetoka Kiarabu, kwa jina la Nabii Lut, na lilikuwa limekwisha kupata uzito wake katika sheria ya Kiislamu pwani kabla misheni haijafika. Kwa hiyo Mkristo wa Lanet anapomlaani mlawiti kwa maneno ya Paulo anatumia, bila kujua, istilahi ya mafakihi.

Tuangalie pia kwamba maneno yote mawili hutaja kitendo. Hayamtaji mtu apendaye. Neno shoga nalo lilikuwa, na kwa wanawake wengi wa pwani lingalipo, neno la urafiki baina ya wanawake. Lilipogeuzwa kuwa la wanaume likabeba kejeli. Aliyetaka kusema kwa Kiswahili alichosema Binyavanga kwa Kiingereza alikuwa na uchaguzi kati ya tusi, shtaka na mzaha. Wanaharakati wamejaribu vifungu virefu vya heshima, kama "wapenzi wa jinsia moja" tunachokitumia hapa, lakini hakuna anayesimama kanisani na kifungu. Inawezekana kuwa hii ni sababu mojawapo iliyofanya ungamo hilo litoke kwa Kiingereza, ingawa mwandishi mwenyewe aliishi katika lugha kadhaa.

Aya mbili baadaye, katika aya ya 11, Paulo anawaambia Wakorintho kwamba baadhi yao walikuwa watu wa namna hiyo. Walikuwa. Sarufi nzima ya ushuhuda imesimama juu ya njeo hiyo moja, na mchungaji anayesema kwamba kanisa lake liko wazi kwa kila mtu anasema kweli kwa maana hii: kila mtu anaweza kuingia mradi alete kitenzi chake katika wakati uliopita.

Biblia hiyo hiyo ina neno jingine, towashi. Katika Isaya 56 matowashi wanaahidiwa mahali nyumbani mwa Bwana, na katika Matendo 8 towashi wa Kushi anauliza ni kipi kinachomzuia kubatizwa, na anabatizwa pale pale njiani. Hakuombwa ushuhuda wa alivyokuwa.

Matini ya Januari 2014

Binyavanga Wainaina alizaliwa Nakuru tarehe 18 Januari 1971. Babake alikuwa mkurugenzi wa Bodi ya Pareto. Mamake, Rosemary, aliyekuwa na saluni mjini, alitoka Bufumbira, pembe ya Uganda inayopakana na Rwanda. (Ni nchi ya jirani kabisa na chimbuko la Uamsho, ingawa hatudai kwamba nyumba yao ilikuwa ya kilokole.) Alishinda Tuzo ya Caine mwaka 2002, akaanzisha jarida la Kwani? mwaka uliofuata, na mwaka 2011 akatoa kumbukumbu za maisha yake, One Day I Will Write About This Place. Kumbukumbu hizo zilikaa kimya kuhusu mapenzi yake. Matini ya 2014, iliyotolewa katika Chimurenga na Africa Is a Country wakati alipotimiza miaka 43, iliwasilishwa kama sura iliyopotea ya kitabu hicho.

Wakati wenyewe haukuwa wa kawaida. Bunge la Uganda lilikuwa limepitisha mswada wake dhidi ya mapenzi ya jinsia moja tarehe 20 Desemba 2013. Rais wa Nigeria alikuwa ametia sahihi sheria ya aina hiyo mapema Januari. Miezi mitatu kabla, Oktoba 2013, Waanglikana wahafidhina kutoka nchi nyingi walikuwa wamekutana katika Kanisa Kuu la Watakatifu Wote, Nairobi, katika mkutano wa GAFCON, wakithibitisha msimamo wao juu ya suala hilo hilo.

Sehemu ya kwanza ya matini inamweka mwana kando ya kitanda cha mama anayekufa hospitalini Nairobi, Julai 2000. Anamnong'oneza ukweli. Kisha sehemu inayofuata inabomoa yote: tukio halikutokea. Mwana alikuwa Afrika Kusini, na mama alikufa bila kuambiwa. Baada ya hapo msimulizi anarudi nyuma hadi utotoni, akisema kwamba alijua tangu umri wa miaka mitano.

Tukiipima kwa kanuni za utanzu, karibu kila kitu kimo. Kuna kutaja jina. Kuna kurudi utotoni, ambako kila mlokole huanzia. Kuna miaka ya kujificha, uongo, mwili unaoogopa kuguswa. Kuna usiku wa kugeuka. Kuna hata magoti kwa namna fulani, kwani mwana anainama kitandani. Kilichokosekana ni -li- ya kutubu. Kauli kuu iko katika wakati uliopo, na msimulizi haendi kutoka "nilikuwa" hadi "nimekuwa". Anakwenda kutoka kunyamaza hadi kusema. Dhambi inayoungamwa, kama tutaiita dhambi, ni ule ukimya, nayo ndiyo pekee inayopewa wakati uliopita.

Hapa tunatofautiana kidogo na Adriaan van Klinken, ambaye katika Kenyan, Christian, Queer (2019) anamsoma Binyavanga kama nabii, akizingatia hasa ukosoaji wake wa mahubiri ya Kipentekoste. Usomaji huo una nguvu, hususan kwa video alizotoa Januari hiyo hiyo. Lakini nabii husema na taifa, na haitaji hadhira imkubali. Mara nyingi hukataliwa na hujua. Anayeshuhudia husubiri wimbo. Matini hii inamwita mama mmoja, na inajua kwamba hawezi kuitikia. Mwandishi amechagua hadhira iliyokufa ili asiikie hadhira iliyo hai ikinyamaza. Uchungu wake uko hapo.

Nani aliitikia?

Dunia ya mbali iliimba haraka. Mwaka huo huo gazeti la Time lilimtia katika orodha yake ya watu 100 wenye ushawishi. Nyumbani mambo yalikuwa mengine, na si haki kuyaeleza kwa neno moja la chuki. Wachungaji wengi wa eneo hili wana hoja wanayoiamini kwa dhati: ushuhuda bila toba si ushuhuda, na kanisa likiimba litakuwa limebadilisha imani yake. Hoja hiyo ni ya utanzu pia, na kwa kanuni za utanzu ni sahihi.

Hata hivyo kanuni za utanzu zimewahi kubadilika. Mwaka 1992 Gideon Byamugisha, kasisi wa Anglikana nchini Uganda, alitangaza hadharani kwamba anaishi na virusi vya UKIMWI. Alisema "naishi", wakati uliopo, katika miaka ambapo mahubiri mengi yaliufanya ugonjwa huo kuwa adhabu. Haikuwa rahisi, ila baada ya muda makanisa yalijifunza kuitikia kauli isiyo na "nilikuwa", na watu wanaoishi na virusi wakapata nafasi mbele ya madhabahu. Tunajua jibu litakalotolewa, kwamba ugonjwa si tendo. Jibu hilo lina uzito wake, lakini halikutolewa mwanzoni; mwanzoni ugonjwa ulihesabiwa kuwa tendo. Binyavanga mwenyewe alitangaza tarehe 1 Desemba 2016 kwamba anaishi na virusi. Ungamo hilo la pili lilikuwa na njia iliyokwisha kufunguliwa; la kwanza halikuwa nayo.

Waanglikana walikuwa wameahidi njia. Azimio la Lambeth la 1998, lililopita kwa kura 526 dhidi ya 70, linakumbukwa kwa kusema kwamba mapenzi ya jinsia moja hayapatani na Maandiko. Azimio lilo hilo linaahidi kusikiliza maisha ya watu wenye mapenzi hayo. Nusu ya kwanza imehubiriwa sana. Ya pili, kwa kadiri ya yale tunayoyasikia mimbarini, ni kama haikutafsiriwa.

Walioitikia walikuwa wachache na walilipa gharama. Christopher Senyonjo, askofu wa West Buganda kuanzia 1974 hadi 1998, alianza mwaka 2001 kuwapokea na kuwashauri vijana waliofukuzwa na makanisa yao. Kanisa la Uganda baadaye lilimnyima nafasi ya kuhudumu kama askofu. David Kato alipouawa mwezi wa Januari 2011, mhubiri aliyeongoza mazishi aligeuka na kuwashutumu waombolezaji. Fujo ikazuka, wanakijiji wakakataa kumzika, na marafiki wakalibeba jeneza wenyewe. Senyonjo ndiye aliyeomba kaburini. Pwani ya Kenya, Februari 2010, uvumi wa harusi ya wanaume wawili Mtwapa uliwaunganisha viongozi wa Kiislamu na wa Kikristo katika tamko moja, na umati ukavamia kituo cha afya. Lakini ni pwani hiyo hiyo ambako PEMA Kenya, shirika la Mombasa, limekaa miaka mingi likizungumza na maimamu na wachungaji mmoja mmoja.

Nairobi, mwaka 2013, lilianzishwa Cosmopolitan Affirming Church, lenye ibada ya mtindo wa Kipentekoste kabisa: mapambio, mikono juu, mahubiri marefu. Inastahili kuangaliwa kwamba waanzilishi hawakulikimbia umbo walilolelewa nalo. Baadaye wakimbizi wa Uganda waliokuwa Nairobi walisimulia maisha yao na kusoma upya kisa cha Danieli katika tundu la simba na kile cha mwanamke wa Yohana 8, kazi iliyotolewa mwaka 2021 katika kitabu Sacred Queer Stories. Kisa cha Yohana ni kigumu kwa pande zote mbili. Yesu hamhukumu mwanamke, wala hamwombi asimulie aliyoyatenda. Lakini anamwambia asitende dhambi tena, na kila mchungaji wa Lanet anajua kuisoma aya hiyo hadi mwisho wake.

Binyavanga alifariki Nairobi tarehe 21 Mei 2019. Siku tatu baadaye, tarehe 24, Mahakama Kuu ilikataa kubatilisha vifungu vya 162 na 165 vya Kanuni ya Adhabu, vinavyotokana na sheria za kikoloni. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu iliamua, kwa majaji watatu dhidi ya wawili, kwamba wapenzi wa jinsia moja wana haki ya kusajili shirika. Makanisa na misikiti yalipinga kwa sauti moja, jambo ambalo si la kila siku nchini.

Yule mwanafunzi wa Lanet alikuwa na mada nzuri mkononi, nami nilimshauri aandike tasnifu yake juu ya kiitikio katika ushuhuda, kutoka Kabete hadi matini ya 2014. Alifikiri wiki mbili, kisha akaja ofisini na pendekezo kuhusu taarabu. Nilipomuuliza sababu, alisema, "Mwalimu, jina langu litaandikwa juu ya jalada, na baba ni mzee wa kanisa." Tasnifu ya taarabu ilikuwa nzuri, akafaulu.